UZI: Sheria nilizojiwekea ili jeshi langu la Kirumi liwe la Kirumi kweli

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nacheza Rome: Total War, gemu ya kompyuta ya vita vya Kirumi, tangu enzi za CD, na siku hizi ninayo kwenye simu pia. Kwa miaka mingi nilicheza kama wengi wetu: navamia, napora, najaza jeshi kwa aina moja ya kikosi chenye nguvu kuliko vyote, nafika Misri mapema, nachoka, naanza upya.

Usiku mmoja nilisimamisha gemu nikatazama jeshi lililokuwa linavuka jangwa la Syria. Jemadari mmoja, vikosi vya mjini 12, vikosi vya farasi 7. Mwaka kwenye ramani ni 205 KK. Vile vikosi vya mjini vilianzishwa na Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma, karibu miaka 200 baadaye, na kazi yake ilikuwa kulinda amani ndani ya jiji la Roma. Ni kama askari wa doria mtaani ndio niliowapeleka kuteka Antioch. Nikafuta ile kampeni, nikaanza na Julii, moja ya familia za Kirumi unazoweza kuzichezea, kutoka mwaka 270 KK, safari hii nikiwa na sheria zangu kwenye daftari. Nimefika 236 KK na sijawahi kulifurahia gemu hili namna hii. Naziweka hapa mzipitie, mzipinge, mziongeze.

Naanza na muundo. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma karne ya 2 KK, ametuachia hesabu. Legioni moja, yaani kikosi kikuu cha jeshi la raia wa Roma, ni askari wa miguu 4,200 na wa farasi 300. Hastati (mstari wa kwanza) 1,200, principes (wa pili) 1,200, triarii (wa tatu) 600, waliobaki ni velites, askari wepesi wa kurusha mikuki. Hatari ikiwa kubwa wa miguu wanafikishwa 5,000, lakini triarii hawaongezwi, ni 600 siku zote. Washirika, yaani ile miji na makabila ya Italia yenye mkataba na Roma, wanaleta askari wa miguu idadi hiyo hiyo na farasi mara tatu.

Sasa chukua nafasi 20 za vikosi ambazo gemu inaruhusu kwa jeshi moja. Jemadari anachukua moja. Legioni: hastati 2, principes 2, triarii 1, velites 2, farasi 1. Hapo ni 8. Washirika: wa miguu 7 kwa mpango ule ule, farasi 3. Hapo ni 10. Jumla 19. Uwiano umekaa wenyewe, kwa sababu ukiweka ukubwa wa juu kabisa kila kikosi cha miguu kina watu 160. Nafasi ya 20 nimempa mgeni: wapiga mishale wa Krete au wapiga teo, kikosi kimoja tu. Mgeni huyo ana haki ya kuwepo, maana Hiero, mfalme wa Syracuse, aliwaletea Warumi wapiga mishale na wapiga teo 1,000 wakati wa vita na Hannibal, jemadari wa Carthage.

Jeshi hilo moja ni nusu ya jeshi la konsuli. Konsuli, kiongozi mkuu aliyechaguliwa kwa mwaka mmoja, alikuwa na legioni mbili na washirika wake, kwa hiyo akienda vitani natoa majeshi mawili yanayotembea pamoja. Washirika gemu haina kwa jina, nami natumia hastati na principes wale wale kwa kuwa walipigana kwa mtindo unaofanana na wa Warumi. Ila siwaandikishi mahali pamoja. Legioni inatoka Arretium, mji wangu wa kuanzia. Washirika wanatoka Ariminum na miji niliyoiteka. Vitani legioni inakaa katikati, washirika kulia na kushoto.

Triarii wanachelewa kupatikana, wanahitaji kambi kubwa kuliko hastati. Mpaka nizijenge, kikosi cha principes chenye tepe (alama za uzoefu vitani) nyingi kuliko vingine ndicho kinachosimama mstari wa tatu. Polybius anasema triarii walikuwa wale wenye umri mkubwa zaidi, velites vijana na maskini zaidi. Kumbe mistari ile ilipangwa kwa umri wa watu, na tepe ndiyo njia pekee ya kuuona umri ndani ya gemu.

Uongozi. Gemu inahesabu mwaka kwa zamu mbili, kiangazi na baridi, na Seneti inagawa vyeo kwa watu wa familia yako. Basi mwenye cheo cha konsuli ndiye tu anayeruhusiwa kuongoza majeshi mawili. Praetor, cheo kinachofuata chini yake, anaongoza moja. Cheo kikiisha, anarudi. Yupo jemadari wangu mwenye nyota nyingi za uongozi kuliko wote, amekaa Arretium miaka minne anasimamia masoko na mifereji huku kijana asiye na nyota hata moja akiongoza vita. Roho inauma, ila ndivyo ilivyokuwa. Nikishindwa kabisa namwongezea muda, kwa kuwa Warumi nao walilifanya hilo kwa mara ya kwanza mwaka 326 KK kwa Publilius Philo, alipokuwa ameuzingira mji wa Neapolis.

Baridi hakuna kushambulia. Jeshi linaingia mjini, au kama liko nchi ya adui jemadari anajenga ngome na wanalala humo.

Halafu sheria ambayo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Vita ikiisha, askari arudi shambani.

Kwenye gemu hili ukiandikisha kikosi cha watu 160, wakazi 160 wanapungua mjini. Ukikivunja ndani ya mji, watu wale wanarudi kuwa wakazi. Miaka yote niliichukulia kama hesabu ndogo isiyo na maana. Kumbe uandikishaji wa Kirumi ni huo. Raia mwenye mali anaitwa, anakuja na silaha zake, anapigana, anaondoka. Kila mmoja alidaiwa na taifa idadi ya kampeni kabla hajatimiza miaka 46, na baada ya deni hilo ni mtu huru na jembe lake.

Mara ya kwanza kuitekeleza nilikuwa nimetoka kuichukua Mediolanium, mji wa Wagallia. Nilikuwa na kikosi cha hastati kilichoanza kampeni na watu 160, kimebaki na 71, tepe tatu za fedha. Walikuwa na miaka sita vitani. Wale ndio waliolishika daraja peke yao mpaka principes wakafika. Kwa uchezaji wa zamani ningewajaza pengo nikaenda nao mpaka mwisho wa dunia. Nikawarudisha Arretium zamu mbili nzima, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kuvunja kikosi, nikakaa. Nikabonyeza. Wakazi wa Arretium wakaongezeka 71. Zamu iliyofuata nikaandikisha wapya, hawana tepe hata moja, na Wagallia, yale makabila ya kaskazini, walikuwa wanashuka.

Niambieni mnaonaje.

#2

Mkuu heshima kwako, uzi wa maana huu.

Ila hilo la mwisho ni kujiua. Ukivunja kikosi chenye tepe za fedha na adui yuko mlangoni, unabaki na nini? Kompyuta haivunji chake. Wagallia wanaongeza tu. Mimi hapo kwenye muundo na makonsuli niko nawe, kuvunja jeshi hapana.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hofu yako ndiyo niliyokuwa nayo. Nifafanue kwanza: sivunji kila mwaka. Kikosi kinakaa miaka 6, zamu 12, halafu kinarudi. Adui akiwa ndani ya Italia saa haisongi mpaka aondoke.

Jambo la pili tazama namba. Mwaka 225 KK Wagallia waliposhuka, Warumi walihesabu watu wote wanaoweza kubeba silaha, wao na washirika wao. Polybius anataja zaidi ya wa miguu 700,000 na farasi 70,000. Hawakuwa vitani wote. Walikuwa nyumbani, wakiitwa wanakuja. Jeshi alilolivunja Hannibal pale Cannae mwaka 216 KK lilikuwa kubwa kuliko yote waliyowahi kutoa mpaka siku hiyo, legioni 8 na washirika wao, na ndani ya siku moja likaisha. Roma haikuomba amani. Iliandikisha tena, na ilipopungukiwa ikanunua watumwa 8,000 kwa fedha ya serikali ikawapa silaha.

Jemadari gani mwingine wa zama hizo angepata jeshi jipya baada ya kipigo kama kile? Pyrrhus, mfalme wa Epirus aliyepigana na Roma, alishinda mara mbili akabaki analalamika kwamba hana pa kuwapata wengine. Ndiyo maana nasema tepe si nguvu ya Roma. Nguvu yake ni wakazi wa Arretium. Ninapovunja kikosi sipotezi nguvu, naiweka akiba.

Na ukitaka ujue, wale Wagallia tulipigana nao na vijana wasio na tepe. Nitaleta habari yake.

Halafu ushauri mmoja: ugumu wa vita uweke wa kawaida. Ukipandisha, askari wa kompyuta wanaongezewa nguvu na moyo usio wao, na hastati wako wanakufa kwa hesabu isiyo na historia yoyote. Ugumu upandishe upande wa kampeni.

#4

Mleta uzi, hongera kwa kazi. Mimi nafundisha historia sekondari na ni mchezaji pia, naomba nichangie.

Hujasema utafanya nini na Marius, yule konsuli anayesifiwa kubadilisha jeshi la Roma. Kwenye gemu ukijenga jumba la kifalme ndani ya Italia tu, siku hiyo hiyo huwezi tena kuandikisha hastati, principes na triarii, na wanakuja wanajeshi wa kudumu. Wengi wanaoweka sheria kama zako wanasema basi tusilijenge mpaka 107 KK, mwaka Marius alipoandikisha watu wasio na mali kwa ajili ya vita na Jugurtha, mfalme wa Numidia. Hiyo ni hatua nzuri lakini bado inachukulia kwamba Warumi waliamka asubuhi moja wamebadilika.

Wanahistoria wengi wa sasa hawakubali hilo. Cohort, yaani kundi la askari lililo sehemu ya legioni, lilikuwepo mapema, Polybius analitaja kwenye vita vya jemadari Scipio kule Hispania mwaka 206 KK. Kiwango cha mali cha kuandikishwa kilikuwa kikishushwa taratibu. Anachohusishwa nacho Marius waziwazi, zaidi ya kuwachukua wasio na mali, ni kumfanya tai awe nembo kuu ya legioni mwaka 104 KK, maana kabla yake walibeba pia mbwamwitu, farasi, nguruwe mwitu na minotauri. Washirika nao hawakufutwa na Marius. Walipigana na Roma wenyewe kuanzia mwaka 91 KK wakidai uraia, wakaupata, na kuanzia hapo hakuna tena jeshi la washirika wa Italia, wote ni legioni.

Kwa hiyo 107 pekee haitoshi. Unahitaji namna ya kuonyesha mabadiliko ya karne nzima.

#5 Mleta uzi

Mwalimu, nashukuru sana. Umenigusa mahali ambapo daftari langu lilikuwa limeandikwa mstari mmoja tu: "Marius, 107, basi."

Nimekaa nalo tangu jana na nimebadilisha hivi. Kuanzia mwaka 206 KK jeshi la Hispania pekee linaruhusiwa kupanga hastati na principes kwa makundi mazito yaliyosimama pamoja, bila ile mistari mitatu yenye nafasi. Kuanzia katikati ya karne ya 2 sheria ya kuvunja kikosi inalegea kwa majeshi yaliyo ng'ambo: miaka 6 inakuwa 10. Naona hapo ndipo jembe linapoanza kumsahau mwenye nalo. Velites na triarii naacha kuwaandikisha wapya ikifika 107, waliopo wanamaliza muda wao. Jumba la kifalme nalijenga baada ya hapo. Na mwaka 90 KK zile nafasi 10 za washirika zinakufa, nafasi za farasi wanachukua Wanumidia, Wagallia na Wahispania wa kukodi.

Nitapenda uniambie kama hapo kwenye miaka 10 nimekosea.

#6

Mimi nacheza Rome II, gemu iliyofuata hiyo, inaanza 272 KK na zamu moja ni mwaka mmoja, kwa hiyo konsuli wangu anabadilika kila zamu. Ni kazi, lakini inafanyika.

Nina sheria moja nyongeza kwa wanaofika zama za Augustus. Rome II inakuruhusu kulipa jeshi jina na namba, na jeshi likiangamizwa unaweza kuliunda tena kwa jina lile lile likiwa na sifa zake zote. Mimi siliundi tena. Mwaka 9 BK jemadari Varus alipoteza legioni tatu kwenye msitu wa Teutoburg kule Ujerumani, ya XVII, XVIII na XIX, na namba hizo hazikutumika tena. Walikuwa na legioni 28 wakabaki na 25, na pengo likaachwa lionekane.

Nimepoteza ya IX kule Britannia kwenye kampeni yangu. Orodha yangu ina VIII kisha X. Kila nikifungua ukurasa wa majeshi naliona lile shimo.

Jambo jingine: praetoriani, walinzi wa mfalme, hawatoki nje ya Italia isipokuwa mfalme mwenyewe yupo jeshini. Augustus aliunda cohort 9 tu za hao watu. Ukiona mtu ana majeshi manne ya praetoriani, hilo si jeshi la Roma.

#7

Wakuu, mimi nachezea simu, kioo kidogo. Shida yangu ni ile mistari mitatu. Hastati wakichoka nikiwavuta nyuma ili principes waingie, adui anawafuata anawachoma migongoni, moyo unavunjika, wanakimbia. Kila mara. Warumi walifanyaje? Na nyie mnafanyaje?

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu, hili nilihangaika nalo wiki mbili. Usingoje wachoke. Nieleze kwa vita ile ya Wagallia niliyoahidi, ilikuwa hapo hapo chini ya Mediolanium, kiangazi.

Nilikuwa upande wa mteremko. Velites nimewatawanya mbele. Polybius anasema wengine walivaa ngozi ya mbwamwitu juu ya kofia ili makamanda wawatambue kwa mbali, na nilimkumbuka nilipokuwa nawatafuta kwenye kioo. Hastati nyuma yao, kati ya kikosi na kikosi nimeacha nafasi ya upana wa kikosi kimoja. Principes wamesimama wakizitazama nafasi zile. Triarii nyuma kabisa. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anaeleza kwamba triarii walikuwa wakisubiri wamepiga goti, mguu wa kushoto mbele. Gemu haiwapigishi goti, kwa hiyo mimi sikuwagusa tu.

Siri iko kwenye zile nafasi. Wagallia walipogonga hastati, sikuwarudisha hastati. Niliwapeleka principes mbele kupitia nafasi zile, wakagonga ubavu wa watu ambao tayari walikuwa wameshikwa. Adui akageuka kuwakabili, na dakika hiyo ndipo nilipowavuta hastati, kikosi kimoja kimoja, kuanzia pembeni. Hakuna aliyewafuata kwa sababu wa kuwafuata alikuwa na kazi nyingine usoni. Velites waliobaki na mikuki nikawaweka wawafunike.

Upande wa kushoto wa washirika ulivunjika. Vikosi vyao vya farasi havikutosha. Hapo triarii wangu, wale principes wenye umri, wakasimama. Warumi walikuwa na msemo kwamba mambo yamefika kwa triarii, maana yake hali imekuwa mbaya kabisa. Watu 160 tu. Waligeuka kushoto, wakaupokea ule umati, wakabaki 48. Lakini mstari haukupinda tena.

Vijana wa Arretium wasio na tepe walitoka pale na tepe moja ya shaba. Tulishinda kwa shida, na nilipoteza watu wengi kuliko ningepoteza kwa jeshi la wakongwe. Siku hiyo hiyo wakazi wa Arretium walikuwa wanatosha kuandikisha vikosi vingine vitatu.

#9

Mkuu #8 nimejaribu hiyo ya nafasi usiku huu, imekubali mara mbili kati ya tatu. Mara ya tatu niliacha nafasi kubwa mno, wakapenya katikati. Asante sana.

#2 tena

Mleta uzi, nimerudi. Nimeanza kampeni na familia ya Scipii, yenye miji ya Capua na Messana, kwa sheria zako zote pamoja na ile ya kuvunja. Nina swali. Jeshi langu limepigwa Lilybaeum, kule kule Sicily iliko Messana, limebaki nusu, na waliokimbia wako Messana. Muda wao wa miaka 6 bado. Nawajaza pengo au nawavunja?

#8 Mleta uzi

Wala usiwajaze, wala usiwavunje. Waache Sicily. Walionusurika Cannae walipelekwa huko huko Sicily, wakakatazwa kurudi Italia mpaka vita iishe. Walikaa miaka zaidi ya kumi. Scipio alipofika kujiandaa kuvuka kwenda Afrika, aliwakuta, akawachukua, na walikuwemo pale Zama, kule Afrika, mwaka 202 KK Hannibal aliposhindwa.

Wape Messana wailinde, bila nyongeza ya mtu hata mmoja. Jeshi jipya liandikishe Capua. Ukifika siku ya kuvuka kwenda Carthage, wapandishe meli ya kwanza.

#4

Na kwa mleta uzi: miaka 10 ni sawa kwa Hispania. Ila wakongwe wako usiwavunje Arretium wote. Mwaka 218 KK Warumi walipeleka walowezi 6,000 Placentia na 6,000 Cremona, juu ya ardhi ya Wagallia. Ukivunja kikosi ndani ya Mediolanium, watu wale wanahesabika kuwa wakazi wa Mediolanium.

#8 Mleta uzi

Mwalimu, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala na nimefungua gemu hapo hapo. Wale 48 muda wao unaisha baridi hii. Nimewaingiza Mediolanium, nimewavunja. Mji umetoka wakazi 3,912 umefika 3,960. Nimeandika kwenye daftari jina la mji, mwaka, na idadi yao.